Gari la marehemu lapanda milima ya Usambara

NDUGU msomaji, huenda nyuma ya nyumba yenu kipo kitu kama hiki nitakachokusimulia leo. Labda ni cherehani ya bibi, labda ni redio ya mbao, labda ni baiskeli ya marehemu baba isiyo na mnyororo. Kila mwaka, siku ya kufagia uwanja, mtu mmoja katika jamaa husema kiuzwe na mwingine husema kiachwe. Kisha jioni huingia, na kitu chenyewe hubaki pale pale.

Nyumbani kwa rafiki yangu mmoja, huko Temeke, kitu hicho kilikuwa ni gari: Peugeot 404 nyeupe, ambayo watu wa mtaa wote waliijua kwa jina la Pijo la Mzee. Mzee mwenyewe alifariki miaka mitano iliyopita. Tangu hapo gari lilikaa chini ya mwembe, kuku wakitaga chini ya bampa na watoto wakiendesha safari zisizokwenda mahali.

Mwaka huu ndugu wa marehemu nyumba walikaa kikao. Ni watoto wanne, na kila mmoja ana mzigo wake wa ada na kodi. Walikubaliana kwamba pale chini ya mwembe pajengwe vyumba viwili vya kupangisha, na kwamba gari liwe limeondoka ifikapo mwisho wa mwezi wa Julai. Rafiki yangu, ambaye ni karani bandarini na ndiye mkubwa wao, hakuweza kupinga. Kwani angepinga kwa hoja gani? Vyumba viwili huleta kodi, na gari bovu huleta panya.

Basi alipata habari kwamba wenye magari ya zamani wangekutana Lushoto kwa siku tatu, wakipiga kambi, na kwamba mnunuzi mmoja kutoka Tanga angekuwapo huko. Akaamua kulipeleka gari likiwa linatembea kwa magurudumu yake lenyewe, ili lisiuzwe kama maiti. Alimwendea fundi wa zamani wa baba yake huko Gerezani, mzee wa miaka 75, wakakesha naye majuma matatu. Kisha akaniita mimi, na mwalimu mmoja wa sekondari ambaye ni rafiki yetu wa siku nyingi. Ndivyo tulivyojikuta watu wanne barabarani siku ya Ijumaa alfajiri, tukiwa na mahema mawili, sufuria tatu, gunia la mkaa na madumu manne ya maji.

NJIANI

Tulipita Bagamoyo, tukashika njia ya Msata, tukavuka Mto Wami na kuelekea Segera. Mwendo wetu ulikuwa wa heshima. Mabasi yalitupita yakipiga honi, na kila lilipopita basi moja fundi alicheka peke yake kiti cha mbele.

Labda wewe msomaji kijana hukuwahi kupanda gari la aina hiyo, kwa hiyo nikueleze kidogo. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina, mabingwa wa Italia wa kuchora mabodi ya magari. Nyuma ina mapezi mawili madogo kama ya samaki. Mkono wa gia haupo sakafuni bali upo kando ya usukani. Ukifunua boneti utaona injini haikusimama wima kama nyingine: imelazwa upande kwa nyuzi 45, ili boneti ipate kuwa chini. Huko Ufaransa magari madogo ya aina hii yalikoma kutengenezwa mwaka 1975, lakini kwetu Afrika ya Mashariki yaliendelea kubeba maharusi, wagonjwa na magunia ya mahindi kwa miaka mingi baadaye.

Sifa yake haikutoka hewani. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Safari. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na matope yalikuwa ndiyo mwamuzi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Miaka yote hiyo miwili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Na katika mwaka 1966 na 1967 mfululizo aliyeshinda alikuwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar es Salaam, akiwa na mwenziwe Chris Rothwell. Gari lake nalo lilikuwa 404.

"Mwaka 1967 nilikuwa kijana wa miaka 17," alisema fundi tulipokuwa tukinunua machungwa Segera. "Kazi yangu gereji ilikuwa kuosha spana na mafuta ya taa. Matokeo yalipotangazwa redioni, fundi mkuu alitupa ruhusa ya nusu siku. Tangu siku hiyo sikutaka kazi nyingine."

KUPANDA LUSHOTO

Baada ya Korogwe milima ya Usambara ilijitokeza upande wa kulia, ya buluu na mirefu kama ukuta. Kutoka Mombo barabara huacha joto la tambarare na mashamba ya mkonge, ikaanza kupanda kwa konakona za kutisha, ukuta wa jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Mto huonekana chini kabisa ukimeta baina ya mawe. Safari ni ya kilometa zipatazo 33 tu, lakini kwa gari lililolala miaka mitano chini ya mwembe hiyo ni mitihani 33.

Kabla hatujafika Soni sindano ya joto ilianza kupanda kuliko sisi. Harufu tamu ya maji ya moto iliingia ndani, kisha mvuke ukafuka mbele ya kioo. Rafiki yangu aliegesha gari kando, akaruka nje, akanyoosha mkono kutaka kufungua kifuniko cha rejeta.

"Acha!" fundi alimkemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Unataka kuungua uso? Maji hayo yamefungiwa kwa nguvu. Kaa chini. Gari likitokota, dawa yake ya kwanza ni subira."

Tulikaa juu ya mawe nusu saa nzima. Watoto wa Kisambaa waliokuwa wakitoka shule walitukusanyikia, wakilitazama gari kama mgeni wa heshima. Injini ilipopoa, fundi alitafuta mpira wa maji uliokuwa umepasuka ufa mdogo usiozidi ukucha. Akatoa mfukoni kipande cha tyubu ya baiskeli, akaukaza pale penye ufa mizunguko mingi mingi kama mtu afungaye jeraha, akajaza maji ya dumu, kisha akalegeza kidogo kifuniko cha rejeta ili nguvu ya mvuke ipungue. Kazi yote haikuchukua dakika kumi. Rafiki yangu alisimama pembeni, mikono mfukoni, akitazama.

Nalitaja jambo hili la mikono mfukoni kwa sababu utalisikia tena.

KAMBINI

Tulifika uwanja wa kambi, nje kidogo ya mji wa Lushoto, jua likiwa linazama nyuma ya mikaratusi. Magari yapatayo 30 yalikwisha jipanga juu ya nyasi. Palikuwa na Land Rover zenye mabodi ya bati la alumini na vioo vya kusukuma, palikuwa na Volkswagen zenye migongo ya kobe, palikuwa na Datsun mbili, na lori moja kuukuu la Bedford lililokuja na jamaa nzima, bibi na wajukuu, wakiwa wamekaa nyuma juu ya magodoro. Moshi wa kuni ulipanda, nyama ikanukia, na watoto walikuwa wakikimbizana baina ya magurudumu.

Ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba huo ulikuwa mkutano wa matajiri. Wachache walikuwa nazo. Lakini wengi walikuwa watu wa kawaida: dereva mstaafu wa Serikali, mwashi wa Korogwe, mpishi wa shule. Mwenye Volkswagen iliyong'aa kuliko zote alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu kutoka Tanga, ambaye aliinunua kwa fedha zake mwaka 1979 na tangu hapo hakumruhusu mtu mwingine kubadilisha oili yake.

"Mume wangu alikuwa akinicheka," alituambia, akimimina chai ya tangawizi. "Nikamwambia, wewe hubadilishi nguo za mtoto kwa sababu unaogopa kuchafuka. Mimi nimeshika damu za watu miaka 30, nitaogopa oili?"

Usiku wa Lushoto katika mwezi wa Julai si wa mchezo. Mji huo, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, waliupenda kwa ajili ya baridi hiyo hiyo iliyotufanya sisi watu wa pwani tulale na viatu. Mwalimu alivaa soksi mikononi. Ukungu ulishuka ukatufunika, na asubuhi ya Jumamosi kila hema lilikuwa limelowa kana kwamba limeoshwa.

Mchana ulikuwa wa raha. Tulikwenda hadi Irente, pale ambapo mlima hukatika ghafla na macho huteremka hadi tambarare ya Mazinde iliyojaa vumbi na mwanga, mashamba yakionekana kama viraka vya nguo. Tulinunua kabichi na karoti sokoni kwa bei ambayo mama wa nyumbani wa Dar es Salaam asingeiamini. Tuliporudi kambini, tulimkuta mnunuzi akilizunguka gari letu.

BEI YAKE

Alikuwa mtu mwungwana, mwenye sauti ya upole. Alilala chali chini ya gari, akagonga hapa na pale kwa kidole, akasikiliza injini. Kisha akasema atatoa shilingi milioni mbili na nusu, na fedha anazo.

"Nawe utalipeleka wapi?" rafiki yangu alimwuliza.

Mnunuzi hakuficha. Yeye naye alikuwa na 404 ya baba yake huko Tanga, ambayo injini yake ilikufa. Angechukua injini hii, na ekseli, na taa, na vioo. Bodi lingekwenda kwenye mizani ya chuma chakavu. "Gari lako litaliponya langu," alisema. "Wewe fikiri. Nipe jibu kesho asubuhi."

Usiku ule tulikaa kuuzunguka moto. Wazee walizungumzia mashindano ya Safari yalivyokuwa yakipita katika milima hii hii ya Usambara, na jinsi katikati ya miaka ya 1970 yalivyobaki ndani ya Kenya peke yake. Baadaye mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika. Mwashi wa Korogwe alikumbusha kwamba mwaka 2003 yalianza mashindano mengine, ya magari ya zamani tu, nayo yamewahi kuvuka na kupita kwetu. Watu walicheka, watu waliimba. Rafiki yangu hakucheka.

Hatimaye akamgeukia fundi. "Mzee, nawe unasemaje? Niliuze?"

Fundi alikoroga makaa kwa kijiti. "Gari si langu," alijibu. "Lakini hebu niambie, mwanangu. Injini yake ina plagi ngapi?"

Rafiki yangu alinyamaza. Alifungua kinywa, akakifunga.

"Zipo nne," fundi alisema polepole. "Baba yako hakuwa fundi. Alikuwa karani kama wewe. Lakini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja kwangu, akavua saa yake, akanishikia tochi. Aliniuliza hiki nini, kile cha nini. Wewe ulikuwa ukikaa kiti cha nyuma ukila karanga. Leo unalia kwamba gari litakatwa. Mimi nakwambia, siku nitakapozikwa, gari hilo litakuwa limekatwa hata kama limesimama zima. Maana ni nani atakayelijua?"

Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, alitueleza mambo ambayo sikuyategemea. Kwamba wanawe wawili wanafanya kazi nyingine, na ni nzuri, hana kinyongo. Kwamba mwanafunzi wake wa mwisho aliondoka, kwa kuwa magari ya sasa hupimwa kwa kompyuta na hakuna ajira katika kusafisha kabureta. Kwamba ana kabati la spana ambazo majina yake anayajua peke yake.

Moto ulififia. Hakuna aliyepata la kujibu.

ASUBUHI YA JUMAPILI

Kulipokucha, gari lilikataa kuwaka. Umande ulikuwa unadondoka kutoka katika boneti. Rafiki yangu alipiga ufunguo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata betri ikaanza kuugua. Akaita, "Fundi!"

Fundi alikuwa ameketi juu ya dumu, kikombe cha chai mkononi. "Leo mimi ni abiria," alisema. "Funua boneti."

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha. Akiwa pale pale juu ya dumu alimwelekeza neno kwa neno. Vua koti. Tafuta kile kifuniko cheusi chenye nyaya tano. Waya wa katikati hutoka kwenye koili, na hizo nne huenda wapi? Zihesabu. Rafiki yangu alizihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: moja, mbili, tatu, nne. Alifungua kifuniko, akakuta ndani matone ya maji. Akayafuta kwa kitambaa kikavu. Akaambiwa azitazame pointi, zile ncha mbili ndogo zinazogusana na kuachana. Zilikuwa zimeshika weusi. Akapewa kipande cha msasa. Mikono yake ilitetemeka, si kwa baridi peke yake.

Watu walianza kukusanyika. Mama wa Volkswagen alisimama mbele na kikombe chake. Mnunuzi naye alifika, akasimama kimya. Ilichukua dakika 40, kazi ambayo fundi angeimaliza kwa dakika tano. Kisha wakaingiza hendeli pale mbele, na rafiki yangu akazungusha. Mara ya kwanza ilikuwa kimya. Mara ya pili gari lilikohoa. Mara ya tatu liliunguruma, moshi ukatoka nyuma, na kambi nzima ikapiga makofi.

Rafiki yangu alisimama, oili hadi kwenye kiwiko. Alimwendea mnunuzi, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mchafu alimpa kifundo cha mkono.

"Ndugu yangu, uniwie radhi," alisema. "Sijui kama jamaa yetu itaweza kulitunza. Huenda tukakutafuta. Lakini nikikuuzia leo, nitakuuzia kitu ambacho nimeanza kukijua asubuhi hii."

Mnunuzi alicheka, akamwachia namba yake. Tukateremka kuelekea Mombo kwa gia ya pili, maana fundi alitukumbusha kwamba mlima hupandwa kwa maji na huteremkwa kwa gia, na mwenye kuegemea breki njia nzima hataikuta anapoihitaji.

NENO LA MWISHO

Utapenda kujua yaliyofuata. Kikao kilikaa Jumamosi iliyofuata, na aliyekata shauri si rafiki yangu bali ni dada yake, yule yule aliyekuwa wa kwanza kusema gari liuzwe. Vyumba vitajengwa, alisema, kwa kuwa watoto hawali kumbukumbu. Lakini gari litahamia uwanja wa fundi huko Gerezani, na ndugu wanne watachanga kila mwezi. Wakishindwa kuchanga kwa mwaka mmoja, litauzwa, tena litauzwa zima kwa mtu atakayeliendesha. Na kwa sharti moja zaidi: binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, atakwenda kwa fundi kila Jumamosi kushika tochi.

Nilipita pale juzi. Kabati la spana lilikuwa wazi. Binti alikuwa na daftari, akiandika jina la kila spana na kuchora umbo lake kando. Fundi alikuwa akilalamika kwamba anauliza maswali mengi mno, na uso wake ulikuwa ukicheka.

Ndugu msomaji, sikuambii ukasafishe kila kuukuu lililo nyumbani mwako. Vingine vimekwisha kazi yake, na watu wanahitaji mahali pa kulala. Nakuomba tu kwamba kabla ya kuita mwenye mizani, umtafute yule ajuaye kukitengeneza, angali hai, uketi naye Jumamosi moja. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule Soni niliona ufa ulivyozibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, lakini ilibidi awepo mtu anayejua pa kufunga.

Nawe ukienda Lushoto mwezi wa Julai, chukua mablanketi mawili kwa kila mtu.